Je, Wajua? Kitabu Kilichosubiri Miaka 35

Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya Mwanza, alimaliza riwaya yake mwaka 1945. Chapa ya kwanza ina tarehe ya 1980!

Aliiandika kwa Kikerewe, vijana wasije wakasahau adabu na mila za wazee. Mchapishaji hakupatikana. Basi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa zaidi ya 600 za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, wanandoa wanaohangaika kupata mtoto. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa za miti, hata namna ya kuishi na wakwe.

Tanzania Publishing House ikakitoa, kikapigwa chapa China. Kitereza alifariki 1981, nakala hazijamfikia.

Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe, ilitoka 2002.