Jiko la Makaa Lisilale Ndani

Hapa Kawangware, baridi ya Julai ikizidi, wengi wetu tunawasha jiko nje, na moshi ukiisha tunaliingiza ndani. Tunadhani hatari imekwisha. Sivyo! Makaa mekundu bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala huenda asiamke.

Majiko ya bati na udongo, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa lakini hayaondoi sumu hiyo. Udongo ukipasuka au mguu ukilegea, lirudishe kwa fundi wa jua kali aliyekuuzia. Kabla ya kulipa, mwulize kama atakutengenezea.

Lakini hakuna fundi wa kutengeneza hewa ya chumba kilichofungwa. Usiku jiko libaki nje. Mtu akiumwa kichwa na kushikwa na kizunguzungu, mtoeni nje upesi, kisha hospitali.