Hiace ya kulala: upepo kwanza, godoro baadaye
Daladala za mbao za Unguja ni malori madogo yaliyojengewa paa na mabenchi, pembeni wazi ili upepo upite.

Mzazi anayetaka kugeuza Hiace ya mizigo iwe chumba cha kulala, familia ikitoka Mji Mkongwe kwenda Paje au Makunduchi, naye aanze na upepo. Bodi ya bati isiyo na madirisha huwaka joto kama tanuri. Fundi akate madirisha mawili yanayotazamana, afunge wavu wa mbu, ndipo aweke kitanda na godoro.

Jiko la mkaa libaki nje, hata mvua ikinyesha. Makaa, hata yasipofuka moshi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Injini nayo izimwe kabla watoto hawajalala.