Mgonjwa wa Sukari Anapopasuliwa Jicho



Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi, alianza kuona ukungu. Panga likawa halipigi pale alipokusudia. Hospitali wakamwambia ana mtoto wa jicho, akapangiwa siku ya kupasuliwa. Ana pia ugonjwa wa sukari, lakini hilo hakulisema, kwa kuchelea kwamba habari zikimfikia msimamizi ataandikwa kuwa hafai kazi.

Siku ilipofika aliondoka alfajiri. Alimeza kidonge chake cha sukari kama kawaida, wala hakula kitu. Akiwa amelala mezani, uso umefunikwa kitambaa, alianza kutokwa na jasho na kutetemeka. Muuguzi aliyemshika mkono alishtuka kuona mkono umelowa na ni wa baridi. Akamchoma kidole na kupima damu: sukari ilikuwa chini ya milimoli 3 kwa lita. Kazi ilisimamishwa kabla kisu hakijagusa jicho. Alitiwa maji ya sukari mshipani, akapata nafuu, akaambiwa arudi siku nyingine.

Tunaieleza habari hii kwa ruhusa yake, wala si kwa kumcheka. Wengi wetu tungefanya kama yeye.

Kwa nini sukari ipimwe hata jicho linapopasuliwa?

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hufanywa kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Daktari huondoa kioo cha jicho kilichoingia ukungu, akaweka kingine cha kutengenezwa. Mara nyingi kazi haizidi nusu saa. Lakini inafanywa chini ya hadubini, na kichwa kikitikisika kidogo tu, jicho laweza kuumia. Mtu ambaye sukari yake imeshuka hutetemeka, huchanganyikiwa, na huweza kuinuka ghafula bila kujua afanyalo.

Mtu mwenye afya, kabla ya kula asubuhi, huwa na sukari ya milimoli 4 hadi 6 hivi kwa lita moja ya damu. Mgonjwa wa sukari anapopasuliwa, waganga wengi hupenda iwe kati ya 6 na 10, na huvumilia hadi 12. Ikiwa chini ya 4 ni hatari ya papo hapo. Ikiwa juu sana kwa muda mrefu, kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi ya kuingia jichoni. Ndiyo maana daktari aweza kuahirisha kazi mpaka sukari itulie. Tusimlaumu, wala tusijaribu kuiteremsha kwa nguvu usiku mmoja kwa kumeza dawa maradufu. Hapo ndipo watu huzimia.

Jambo gumu ni kwamba dalili zaweza kujificha. Mgonjwa amefunikwa, hivyo uso wake hauonekani. Jasho hudhaniwa kuwa ni woga. Akipewa dawa ya kumtuliza, usingizi wake hufanana na usingizi wa kuishiwa sukari. Tena dawa nyingine za shinikizo la damu, kama propranololi, huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Kwa hiyo macho ya muuguzi peke yake hayatoshi. Tone la damu ndilo linalosema kweli.

Mambo ya kuangaliwa ni haya:

1. Kabla. Sukari hupimwa mgonjwa anapofika, na tena kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ikiwa amengoja muda mrefu. Ni vizuri mgonjwa wa sukari awe wa kwanza asubuhi, asikae na njaa.

2. Wakati wa kazi. Kifaa hubanwa kidoleni kuonyesha mapigo ya moyo na hewa ya oksijeni katika damu. Shinikizo la damu nalo hupimwa. Kazi ikiwa ndefu, kama ile ya nyuma ya jicho ambayo yaweza kuchukua saa moja, mbili au zaidi, sukari hupimwa angalau kila saa.

3. Baada ya kazi. Hupimwa tena kabla ya kurudi nyumbani. Akipewa vidonge au sindano ya dawa za jamii ya steroidi, sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa, basi aendelee kupima.

Nasi wagonjwa tuna sehemu yetu. Kwanza, tuseme ukweli: tuna ugonjwa gani, tunatumia dawa gani, tumekula saa ngapi. Pili, tuulize mapema: nile au nisile? Kidonge nimeze au niache? Insulini nidunge kiasi gani? Kwa ganzi ya jicho peke yake hospitali nyingi huruhusu kula, lakini kwa nusukaputi ni lazima kufunga. Anayefunga huku akimeza glibenklamidi au kudunga insulini kama kawaida anajitafutia hatari. Tatu, ukiwa mezani ukajisikia vibaya, usiinuke wala usigeuze kichwa. Sema kwa sauti, au finya mkono wa muuguzi kama mlivyopatana.

Na ukiisha rudi nyumbani, jicho likiuma sana, likawa jekundu au likapungua nuru, rudi hospitali siku ile ile. Usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye kazi. Vumbi, dawa za kunyunyizia na mizigo mizito si mambo ya jicho lililopasuliwa juzi. Siku za kupumzika atazitaja daktari, na sheria inazitambua. Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kenya, sheria ya 2007 inatoa kwa mwaka siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, baada ya miezi miwili ya kazi. Tanzania, sheria ya 2004 inatoa siku 126 katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu. Mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri waweza kutoa zaidi. Chukua cheti cha daktari, na nakala moja ipelekwe kwa katibu wa tawi.

Mwenzetu aliporudi kuomba siku ya pili, msimamizi alimwambia amekwisha pewa yake. Tawi likaenda ofisini na cheti mkononi, na siku ikapatikana. Safari hii alisema yote, alikula kama alivyoagizwa, akapimwa mara tatu, akapasuliwa salama. Leo anakata miwa, na panga linapiga pale anapokusudia.

Tunaomba kila tawi liulize zahanati yake: je, kifaa cha kupima sukari kipo? Vijiti vyake vipo? Kama havipo, jambo hilo liingizwe katika madai ya kikao kijacho. Ugonjwa wa kuficha humwua mtu peke yake, bali ugonjwa wa kusema hupata watu wa kuusaidia.