Mvumo wa Gitaa na Umeme Uuletao

Katika muziki wa benga wa Wakamba, ule uliopewa sifa na Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo, gitaa la solo halijifichi nyuma ya mwimbaji. Akinyamaza, lenyewe hushika usemi, noti moja moja, kwa sauti ya juu isiyo na doa. Kwa hiyo mpiga gitaa wa mji wa Wote, Makueni, aliyealikwa harusini, na ambaye spika zake hutoa mvumo mzito kila mkono utuliapo juu ya nyuzi, huona haya ambayo mwenziwe wa muziki wa makelele pengine asingeihisi.

Aghalabu hulaumiwa gitaa au amplifaya, ilhali mkosaji amelala kando ya soketi, nayo ni adapta ilishayo pedali, visanduku vile vya chuma avikanyagavyo mpigaji ili sauti ikwaruze au ipate mwangwi. Umeme wa Kenya, wa volti 240, huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na pedali nyingi hutaka volti 9 za mkondo mnyoofu usiotikisika. Ndani ya adapta za aina ya zamani, zile nzito, transfoma huteremsha volti, daiodi huulazimisha umeme kuelekea upande mmoja, yakazaliwa mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita, mfano wa tangi la maji ya mvua wakati wa kiangazi, huziba mapengo baina ya wimbi na wimbi. Lau kapasita hiyo ni ndogo kwa ubahili wa mtengenezaji, au imekauka kwa joto na umri, mawimbi hupenya hadi katika sauti, na pedali ya kukwaruza, maadamu kazi yake ni kukuza, huyakuza pia bila ya kubagua.

Kabla ya kutoa fedha, mpigaji na aitie pedali betri ya volti 9. Mvumo ukitoweka, adapta imepatikana na hatia. Usipotoweka, na azunguke pale aliposimama akiwa na gitaa lake: sauti ikipanda na kushuka kwa kadiri ageukavyo, basi ni koili za gitaa, zilizo chini ya nyuzi, zinazonasa mvumo wa transfoma iliyo karibu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Fundi redio yeyote aweza kuutibu mvumo wa adapta kwa rezista ya omu 100 katika njia ya umeme, ikifuatwa na kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 25, kutoka hapo hadi upande wa hasi. Mawimbi yale yatapungua takriban mara 60. Lakini dawa hii ina kiasi chake. Pedali inywayo miliampia 10 itapoteza volti 1 tu, ilhali ile ya kidijitali itakayo miliampia 100 haitawaka kamwe. Na kapasita ikiunganishwa kinyume yaweza kupasuka.

Wako wanaonyamazisha mvumo kwa kukata waya wa ardhi katika plagi ya amplifaya. Rai yangu ni kwamba fundi afanyaye hivyo asiruhusiwe kushika bisibisi tena, kwani nyuzi za gitaa zimeungana na chuma cha amplifaya, na siku waya wa moto utakapokigusa chuma hicho, volti 240 zitamfikia mpigaji vidoleni.

Makueni, ambako jua si haba, ipo njia nyepesi zaidi: betri ya sola ya volti 12, ikipitishwa katika regileta (kidhibiti volti) ya 7809, hutoa volti 9 zisizo na wimbi hata moja la kuchuja, na hutosha pedali kadhaa za kawaida. Ila mpigaji asiunganishe adapta yake kwenye inveta ya betri hiyo, kwa sababu inveta huugeuza umeme uliokwisha kunyooka kuwa wa kwenda na kurudi, na nyingi za bei rahisi huongeza kelele zao juu yake.