Bomba la Urefu Gani?

Swali ni lile lile, wanabadilika waulizaji tu: "Fundi, bolti ya manifodi imegoma. Niongeze bomba la urefu gani kwenye spana?" Juzi aliniuliza bwana mmoja aliyekuja na nusu ya bolti kiganjani. Nusu nyingine ilikuwa imebaki ndani ya silinda hedi. Bado anauliza urefu!

Tuelewane. Bolti ya milimita 8, ile ambayo kwenye magari mengi ya Japani hufunguliwa kwa spana namba 12, kwa kawaida hukazwa kwa takriban nyutoni mita 25. Ning'iniza mfuko wa unga wa kilo 10 kwenye ncha ya spana ya sentimita 25, umefika hapo. Sasa chomeka bomba la mita moja: mfuko ule ule unaleta karibu 100, na bolti ya kawaida ya ukubwa huo hukatika kabla hujafika huko. Na wewe huningʼinizi unga. Unapanda na mguu.

"Mbona kwenye nati za tairi bomba linasaidia?" Linasaidia kwa sababu stadi ya tairi mara nyingi ni ya milimita 12 na hukazwa kwa takriban hizo 100. Ni nene, tena hufunguliwa mara kwa mara. Ya manifodi imepikwa na moshi miaka kadhaa. Iliyoishika si mkazo, ni kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikajibana ndani ya hesi kama kabari. Bomba haliivunji kabari hiyo, linasokota shingo ya bolti. Ukihisi spana imekuwa laini, kichwa kinazunguka lakini hakipandi juu, usishangilie. Haifunguki hiyo, inakatika.

Haya, la kufanya. Hakikisha kwanza unazungusha upande unaotakiwa. Ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi kujichanganya. Piga brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ulale, asubuhi uongeze. Soketi iwe ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili hula kona. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka. Kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ikikataa, pasha moto sehemu ya hedi inayoizunguka, baada ya kufuta mafuta yote na mbali na mipira ya petroli: hedi ikiwa ya aluminiamu, hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti, hivyo tundu hulegea. Ikikatika na kubakiza kisiki, fundi wa kuchomelea aichomelee nati juu yake. Joto lenyewe ni nusu ya kazi.

Hedi ya yule bwana iko kwa mchonga vyuma mpaka leo.