Scrabble: Jinsi mabingwa wanavyotafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi, hata bila kujua maana yake

Mwezi wa saba mwaka 2015, mjini Louvain-la-Neuve nchini Ubelgiji, Nigel Richards, raia wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa lugha ya Kifaransa. Katika fainali alimshinda Schélick Ilagou Rekawe wa Gabon, nchi ambako Kifaransa ni lugha ya shule na ya ofisi. Richards mwenyewe hasemi Kifaransa. Alishika kichwani maneno ya kamusi ya mchezo huo kwa muda wa wiki tisa hivi, bila kushughulika na maana yake. Mwaka 2024 alifanya hivyo tena kwa Kihispania, mjini Granada.

Ushindi huo uliacha swali kwa kila anayejifunza lugha ya kigeni, wakiwemo vijana wa Goma, Bukavu na Bunia wanaosoma Kiingereza: je, kujua maneno ni kujua lugha?

Herufi saba mkononi

Scrabble ya Kiingereza ina vipande 100 vya herufi. Viwili kati yake ni vitupu, na vinaweza kusimama mahali pa herufi yoyote. Alfred Butts, msanifu wa majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huo katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ili kujua zipi zinatumika sana. Ndiyo sababu E ina vipande 12 na inaleta pointi 1 tu, huku Q na Z zikiwa na kipande kimoja kimoja chenye pointi 10.

Kila mchezaji ana herufi saba mbele yake. Akizitumia zote kwa mara moja, anapata pointi 50 za ziada. Kwa hiyo mabingwa hawangojei neno lije lenyewe akilini. Kwanza wanapanga herufi kwa kufuata alfabeti. Anayeona AEINRST anakumbuka mara moja kwamba humo mna RETAINS, NASTIER, RETINAS na STAINER. Pia wanatenga miisho kama ING, ED na ER, kisha wanatafuta neno katika herufi zilizobaki.

Siku hizi kuna programu za simu ambazo mtu anaandika herufi zake, zikamtolea maneno yote yanayowezekana. Kwa mazoezi zinafaa. Katika mashindano, kuzitumia ni udanganyifu.

Q bila U

Herufi inayosumbua zaidi ni Q, kwa kuwa katika Kiingereza karibu kila mara inafuatwa na U. Asiye na U anabaki na mzigo. Wazoefu wanajua njia ya kutokea: QI, neno lenye asili ya Kichina, na mengine mengi yaliyotoka Kiarabu. Hapo msemaji wa Kiswahili hayuko ugenini kabisa. QADI ni kadhi, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, na SUQ ni ndugu wa neno letu soko.

Kamusi hiyo ya Kiingereza inakubali pia maneno yaliyopitia Kiswahili: SAFARI, ASKARI, BWANA, UHURU, DUKA, hata UGALI. Kongo nayo imo. OKAPI, jina la mnyama wa pori la Ituri lililotoka katika lugha za wakaaji wa huko, ni neno halali. Katika Kiingereza linaleta pointi 11, lakini katika Kifaransa linaleta 16, kwa sababu Wafaransa hawatumii sana K na wameipa pointi 10.

Maneno mafupi ya Wanigeria

Miezi michache baada ya ushindi wa Richards, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza mjini Perth, Australia. Katika fainali alimfunga Muingereza Lewis MacKay michezo 4 kwa 0, akawa Mwafrika wa kwanza kushika taji hilo.

Wanigeria walijulikana kwa mbinu yao: kucheza neno la herufi tano hata pale wanapojua lililo refu zaidi. Neno refu linaleta pointi, lakini linaweza kumfungulia mpinzani nafasi nzuri kwenye ubao. Neno fupi linaziba njia na kumwachia mchezaji herufi nzuri kwa zamu inayofuata.

Maneno si lugha yote

Richards alionyesha kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa maneno ya Kifaransa na bado akashindwa kuzungumza na wenye lugha hiyo. Mwanafunzi anayetafuta kazi au masomo kwa Kiingereza hawezi kutosheka na hapo: mbele ya tajiri au mwalimu ataombwa sentensi, na sentensi inadai maana.

Hata hivyo mchezo unamsaidia kwa jambo moja ambalo Kiingereza kinalifanya kuwa gumu, yaani tahajia. Neno lililokosewa herufi moja haliingii ubaoni. Na anayechukua dakika moja kutafuta maana ya kila neno jipya alilocheza, anatoka mezani na kitu ambacho Richards hakukihitaji ili ashinde.