Kweli au Uongo: Nani Mwenye Haki Juu ya Mitishamba na Elimu ya Wazee?

Kila baada ya muda habari ile ile hurudi kwenye simu zetu: mti fulani wa kwetu umesajiliwa na wageni, na karibuni tutaanza kuulipia. Wengine hujibu kwamba mti ni wa Mungu, hakuna wa kuudai. Kauli zote mbili zinatuponza. Ya kwanza inatutia hofu bila kutuonyesha la kufanya, ya pili inatulaza usingizi. Haki juu ya mimea, vijidudu na elimu ya jadi zipo, ila zina masharti, na asiyeyajua huliwa mchana. Tuzipime kauli saba zinazosikika sana.

1. “Wazungu walishaumiliki mti wa muarobaini.”

UONGO. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine kuufanyia biashara uvumbuzi wako, kwa kawaida kwa miaka 20. Hutolewa kwa kitu kipya au njia mpya ya kufanya jambo. Mti ulioota wenyewe hauna mvumbuzi.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mbegu za muarobaini. Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa kundi la Kijani katika Bunge la Ulaya, na shirikisho la kilimo hai duniani, IFOAM, wakaweka pingamizi. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna jipya hapo, kwani wakulima wa India wanayajua mafuta hayo tangu zamani. Wakamleta shahidi mwenye kiwanda huko India, akaeleza jinsi alivyokuwa akiyatengeneza kabla hataza hiyo haijaombwa. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, na tarehe 8 Machi 2005 rufaa ya wenye hataza ikatupwa. Muarobaini ulio uani kwako haukuguswa na mtu. Kilichonusurika kuchukuliwa ni elimu ya kuutumia.

2. “Elimu ya wazee si ushahidi mbele ya sheria.”

UONGO, ila iliyoandikwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipewa hataza ya Marekani ya kutibu vidonda kwa unga wa manjano. Bibi yeyote wa India angeweza kuwaambia kwamba dawa hiyo ni ya jikoni. Lakini kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, jambo linalojulikana kwa mdomo tu nje ya nchi hiyo halikutosha kuivunja hataza. Ilitakiwa karatasi. Baraza la utafiti wa sayansi la India likapeleka maandiko, yakiwemo ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

India haikuishia hapo. Tangu 2001 imekuwa ikikusanya dawa zake za jadi katika maktaba ya kidijitali ambayo wakaguzi wa hataza wa nchi mbalimbali huruhusiwa kuipekua. Wahenga wetu walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

3. “Hataza ikitolewa Ulaya, nasi huku imetufunga.”

UONGO. Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Kampuni moja ya Uholanzi ilipopata hataza Ulaya juu ya unga wa tefu, nafaka ambayo Waethiopia huipikia injera, hakuna mkulima wa Ethiopia aliyezuiwa kulima wala kusaga. Madhara yalikuwa sokoni, kwa sababu Mwethiopia aliyetaka kuuza unga huo katika nchi zenye hataza hiyo angeweza kushtakiwa. Makubaliano ya mwaka 2005 ya kuigawia Ethiopia faida hayakuiletea kitu cha maana. Novemba 2018 mahakama ya The Hague ikaamua kwamba hataza ya Uholanzi ni batili, kwani haikuwa na uvumbuzi. Miaka mingi ilikwisha kupita.

4. “Kijiko cha udongo si mali.”

UONGO, na hapa ndipo tunapopoteza zaidi kwa sababu hatuoni kinachoondoka. Acarbose, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer inayouzwa kwa jina la Glucobay, hupunguza kasi ya wanga kugeuka sukari tumboni. Dawa hiyo hutengenezwa na bakteria, na aina iliyotumiwa, SE50, asili yake ni udongo wa Ruiru, Kenya. Ziwa Bogoria nako, kwenye chemchemi zinazotokota, mna vijidudu vinavyostahimili joto na magadi. Vimeng'enya vya vijidudu vya namna hiyo vinafaa kwenye sabuni ya unga na katika kufifisha rangi ya jinzi viwandani. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika hadharani kwamba sampuli zilitolewa huko bila kibali chake. Baadaye, mwaka 2007, KWS ikatia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu kutafiti vijidudu vya Kenya na kugawana faida. Kwa hiyo inawezekana.

Siku hizi hata kijiko hakihitajiki. Mpangilio wa vinasaba ukishasomwa na kuwekwa kwenye hifadhidata, mtu wa mbali anaufanyia kazi bila kukanyaga bandari yetu. Mfuko wa Cali, uliofunguliwa Februari 2025, umewekwa ili kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zichangie. Uchangiaji ni wa hiari.

5. “Ukishamsimulia mtafiti, haki yako imekwisha.”

UONGO, lakini kuidai baada ya hapo ni kazi nzito. Wasani wa kusini mwa Afrika hutafuna mmea wa hoodia wawapo mawindoni ili kutuliza njaa. Baraza la utafiti la Afrika Kusini, CSIR, liliomba hataza mwaka 1995 juu ya kiambata cha mmea huo bila kuwashirikisha. Haki ya kukiendeleza ikauzwa kwa kampuni ya Phytopharm ya Uingereza, nayo ikaipitisha kwa Pfizer. Mkuu wa Phytopharm alidhani Wasani walishatoweka, ilhali walikuwepo wapatao 100,000. Waliposimama na mawakili wao, mwaka 2003 wakapata mkataba: asilimia 6 ya mrabaha utakaolipwa CSIR na asilimia 8 ya malipo ya kila hatua ya utafiti.

Fedha zilizofika ni kidogo. Pfizer ilijitoa mwaka huohuo, na Unilever iliyoingia baada yake ikaacha mwaka 2008. Mkataba huo hata hivyo uliwatambua Wasani kuwa wenye elimu, na haukungoja hisani ya mtu.

6. “Kilichochukuliwa enzi za ukoloni tutakidai kwa sheria za leo.”

UONGO kwa sehemu kubwa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wake. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Mkataba wa Bayoanuwai, unaotambua mamlaka ya kila nchi juu ya viumbe vyake, ulianza kazi tarehe 29 Desemba 1993, na haukurudi nyuma. Tunaweza kulilia ua hilo kwa haki kabisa, lakini sheria inatutaka tulinde yale yaliyobaki msituni.

7. “Hapa kwetu hakuna sheria.”

UONGO. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyo chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, inataka idhini kabla ya kuchukua na mapatano ya kugawana faida. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Tanzania zote zimo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja elimu ya jadi kwa uwazi, na sheria ya mwaka 2016 inailinda bila kuidai jamii usajili kwanza. Mtafiti mgeni anatakiwa kuwa na kibali cha tume ya sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania, au NACOSTI kwa Kenya. Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, zilipitisha Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme vinasaba na elimu ya jadi alivyovitumia vimetoka wapi. Unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kazi, na kutaja asili peke yake hakuleti fedha kijijini. Upungufu wetu mkubwa ni kwamba mganga wa kijijini na mzee wa ukoo hawajaambiwa haki hizi.

Basi waambie. Wenye elimu waiandike, waiweke mikononi mwa jamii, si kwa mtu mmoja. Na mgeni akija kuulizia dawa, aulizwe mambo manne kabla ya kuonyeshwa jani: ana kibali cha nani, sampuli inakwenda wapi, jina la jamii litaandikwa wapi, na faida itagawanywa vipi. Asiyeweza kujibu kwa maandishi asipewe kitu.